Chupa ya Papa Aloys

Papa Aloys alikuwa fundi wa abakosti, makoti yale ya wakubwa yasiyovaliwa tai. Ukitoka soko la Kadutu, mjini Bukavu, ukapanda njia ile ya ngazi za udongo, banda lake lilikuwa la tatu, na wakubwa wa biro za serikali walipanda hadi pale wakihema ili awapime mabega. Alikuwa na mashine ya kukanyaga kwa miguu, mkasi mmoja mkubwa wa chuma cheusi, na binti mmoja, Godelive, aliyemaliza darasa la sita akaja kukaa pembeni mwake kushona vifungo. Mama yake Godelive alikuwa amekufa zamani. Walikuwa wawili tu.

Mwaka wa sabini na nane, mvua za Septemba zilipoanza, Papa Aloys alianza kushona akiwa amesimama. Mguu mmoja chini, mguu mwingine kwenye mashine, mgongo umepinda.

Maman Virginie, aliyeuza sombe, majani ya muhogo, upande wa pili wa njia, hakuweza kunyamaza.

"Papa Aloys! Kiti yako ilikukosea nini?"

"Tuko na kesi naye, maman. Anisalimie kwanza."

"Mupatane basi! Utazeeka umesimama sawa na nguzo ya umeme!"

Watu walicheka, na Papa Aloys alicheka nao. Godelive hakucheka. Alikuwa ameona mambo mengine kabla ya hilo la kusimama. Alikuwa ameona baba yake anakaa kwa tako moja, halafu kwa lingine. Alikuwa amemwona anafua suruali zake mwenyewe nyuma ya nyumba, yeye ambaye tangu mke wake afe hakuwahi kugusa sabuni ya kufulia, na maji ya beseni yale yalikuwa mekundu. Lakini mtoto wa kike atamuulizaje baba yake habari za fasi ile ya siri? Hata neno lenyewe hakuwa nalo mdomoni.

Akaokota mabaki ya kitambaa cha abakosti, akayasokota, akashona ngata nene kama ile wanawake wanaweka kichwani wakibeba mzigo, akaiacha juu ya kiti. Papa Aloys aliibonyeza kwa kidole gumba. Kisha akakaa juu yake polepole, akavuta pumzi, akaanza kukanyaga mashine. Jioni wakifunga banda alisema tu, "Aksanti, mama." Alizoea kumwita hivyo.

Ngata iliwapa wiki tatu. Siku moja Sista Agathe, muuguzi wa hospitali, alikuja kuchukua koti la kaka yake. Papa Aloys aliposimama kumpokea, Sista aliona ngata. Ilikuwa imeloa damu. Hakusema kwa sauti. Alimsogelea, akamnong'oneza, na Godelive alisikia:

"Papa, kesho asubuhi unakuja kuonana na Dokta. Usipokuja, nitakuja kukuchukua kwa hii mikono yangu, soko yote ione."

Papa Aloys akaenda.

Kwenye fishi ya hospitali, karatasi ya mgonjwa, jina Aloys halikuandikwa, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa na serikali. Aliandikwa kwa jina la nyumbani. Dokta Pascal alimwingiza ndani, mlango ukafungwa. Godelive alibaki nje amesimama, macho yake kwenye ukuta. Na kwa sababu mgonjwa lazima awe na mtu wa kumlinda, kumwosha na kumpikia, na binti haoni uchi wa baba yake, walituma ujumbe Kabare, kijijini kwao, kumwita kaka mkubwa wa Papa Aloys, Muzee Isidore. Alifika na kofia yake ya manyoya na fimbo, na mkungu wa ndizi kichwani kwa msichana aliyemfuata.

Dokta Pascal aliwaketisha wote watatu. Alikuwa mtu wa maneno ya taratibu.

"Ndani muko kivimbe," alisema. "Vidole vine kutoka kwa mulango ya haja, kikubwa sawa na tunda ya maracuja. Si bawasiri. Na hakitoki mu ngozi ya ndani ya utumbo, vile tunaona mara mingi. Kinatoka mu nyama yenyewe, mu misuli. Iko ugonjwa ya nadra. Tangu nianze hii kazi, nimeiona mara mbili."

"Ile wawili wako wapi?" Papa Aloys aliuliza.

Dokta aliisogeza fishi kando. "Kwanza nitatoa kivimbe peke yake, kwa kupitia chini. Nitakipeleka Ulaya wakiangalie na mashine yao, sisi hapa hatuna. Barua ikisema kiko kizuri, imeisha. Ikisema kiko kibaya, hatungoji ata mwezi moja. Nitakata tena. Nitatoa mwisho yote ya utumbo, nitashona chini kufunga, na haja itapita hapa." Akaweka kidole upande wa kushoto wa tumbo. "Mu kamufuko."

Papa Aloys alitazama kidole kile.

"Dokta, mi napima watu," alisema. "Nainama mbele yao, napitisha mita kwa kiuno, kichwa yangu inafika kwa kifua yao. Na kamufuko ya mavi hapa? Mukubwa gani atakubali nimukaribie?"

"Bora fundi mwenye kamufuko kuliko fundi mwenye kufa."

"Fundi mwenye watu wanamukimbia, njo amekufa vile vile."

Godelive aliona mkono wa baba yake umeshika mita iliyokuwa shingoni, ambayo hakuivua hata kuja hospitali. Aliiweka picha ile ndani yake.

Upasuaji wa kwanza ulikwenda vizuri. Siku ya nne, siku ya Jumamosi, mji wote uko kwenye salongo, kazi ya lazima ya kufyeka majani, Dokta Pascal alimpa Godelive chupa. Ilikuwa chupa ya jamu ya masista, ndani mna maji makali yanayochoma macho, na katikati ya maji kitu cha rangi ya kijivu, cha mviringo, kimelala.

"Gari yetu haina mafuta, esanzi imekosekana hii wiki," alisema. "Kuna padri moja, siku ya kwanza ya juma anavuka muto ya Ruzizi anaenda kupanda ndege Kamembe, kule Rwanda. Muipeleke kwa nyumba ya mapadri. Karatasi ya jina nimeshabandika. Musiifungue, Godelive. Barua itasemea hii nyama. Bila hii, mi niko kipofu."

Godelive aliibeba hadi nyumbani chini ya kitenge, akaiweka mezani. Muzee Isidore alikuwa amepanda kuja kuchukua chakula cha mgonjwa. Alifunua kitenge, akaona. Akavua kofia, kama mtu aliyeingia kwenye matanga.

"Hii njo Aloys?"

"Njo ugonjwa walitoa, baba mukubwa."

"Ugonjwa? Mi naona nyama. Nyama ya mutoto wa mama yangu." Akakaa. "Na inaenda wapi?"

"Ulaya. Wanaenda kuiangalia."

"Wakimaliza kuangalia, wanairudisha?"

Godelive hakujua.

"Hawairudishi," Muzee Isidore alisema. "Wataitupa mu udongo ya watu hatujue. Sikiliza, mwana wani. Siku Aloys alizaliwa, nilikuwa na myaka munane. Mi njo nilishika kijembe, bibi yetu akaweka kitovu yake chini ya mugomba nyuma ya nyumba. Ule mugomba ungali na watoto wake. Mutu anazikwa muzima, na vipande yake yote, na kitovu yake. Ukipeleka kipande yake mbali, ile kipande itamuvuta. Atakufa akitafuta."

"Lakini Dokta anangoja barua."

"Barua atapata. Atapata nyama ya kuangalia. Nani alikwambia Wazungu watajua ni ya nani?"

Kulikuwa na mvua nyembamba. Godelive alisikiliza matone kwenye bati, na ndani ya kichwa chake hakusikia mugomba wala kitovu. Alisikia sauti ya Dokta: barua ikisema kiko kizuri, imeisha. Alimwona baba yake ameinama mbele ya mkubwa mmoja wa biro, mita mkononi, tumbo lake zima, bila kitu pembeni. Hakumwambia Muzee Isidore hayo. Aliinuka, akachukua kikapu, akashuka sokoni.

"Matumbo ya mbuzi," alimwambia muuzaji. "Kadogo tu."

"Kadogo hivi? Iko ya paka?"

"Iko ya papa."

"Ah, pole, iko hospitali! Umupikie na supu, itamupa nguvu."

Nyumbani alikata kwa mkasi wa baba yake. Kisu kilikuwepo, lakini matumbo yanateleza, na mkono wake ulizoea mkasi ule. Alikata kipande cha ukubwa wa maracuja, akakikunja kwa sindano na uzi kidogo ili kiwe mviringo, akaona uzi utaonekana, akautoa. Muzee Isidore alitoa kile cha kijivu kwa mkono wake mwenyewe, akakifunga kwenye jani la mgomba, akakiweka ndani ya kofia yake. Kesho yake alipanda lori la Kabare asubuhi na kofia kifuani, akarudi hospitali mchana na udongo kwenye kucha. "Imelala," alisema.

Siku ya kwanza ya juma, Jumatatu, Godelive alipeleka chupa. Padri aliipokea, akaizungusha kwenye mwanga, akaifunga ndani ya soksi mbili. Godelive akiteremka njia ya kurudi, ndipo akili yake iliposhika alichofanya. Miguu ilisimama yenyewe. Muzee Isidore alifanya kwa ajili ya kuzika. Yeye alifanya kwa ajili ya barua. Angeweza kurudi. Mlango ulikuwa bado wazi, alimwona padri bado amesimama. Akaendelea kuteremka.

Barua ilikuja mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Dokta Pascal aliwaita, akaisoma kimya, akaisoma tena.

"Wanasema ni utumbo muzima. Hakuna kivimbe, hakuna ugonjwa." Aligeuza karatasi kana kwamba nyuma kuna maneno mengine. "Papa Aloys, mi nilishika ile kitu na hii vidole. Ilikuwa ngumu." Halafu akamgeukia Godelive. "Chupa ulifikisha?"

"Nilifikisha, Dokta."

"Namna nilikupatia?"

Papa Aloys alikuwa ameshaanza kucheka, machozi yanamtoka, anaipiga meza ya Dokta kwa kiganja. Godelive alimtazama.

"Namna ulinipatia," alisema.

Dokta alikunja barua polepole. Alisema basi, hatutakata, lakini kila mwezi Papa arudi aonwe. Kila mwezi bila kukosa.

Siku ile Papa Aloys alivaa abakosti yake mwenyewe, ile ya kijani aliyoishona kwa ajili ya harusi ya watu. Alifika bandani, akaisukuma ngata kando, akakaa juu ya kiti kikavu kwa matako yote mawili.

"Maman Virginie! Kuja ushuhudie! Kesi imeisha, tumepatana!"

"Nani alishinda?"

"Kiti alilipa faini ya mbuzi!"

Njia nzima ilicheka. Godelive alishona kifungo kimoja mara sita, hadi uzi ukakosa tundu la kupitia.

Mwezi wa tatu alirudi hospitali. Mwezi wa nne alirudi. Mwezi wa tano kulikuwa na maandamano ya tarehe ishirini, sikukuu ya chama, kila mkubwa wa Bukavu anataka koti jipya la kupita mbele ya watu, na Papa Aloys alisema Dokta atangoja. Alishona makoti kumi na tisa. Alikuwa na furaha Godelive hajawahi kuiona, aliimba nyimbo za misa akikanyaga mashine. Kila akiimba, binti yake alihesabu siku ndani ya moyo, na kila jioni alijiambia kesho nitasema.

Mwezi wa sita, siku moja asubuhi, alikuta ngata juu ya kiti. Hakuiweka yeye.

Hakuuliza. Aliweka sindano chini, akafunga kitambaa kichwani, akashuka na kupanda hadi hospitali bila kusimama. Alimkuta Dokta Pascal ananawa mikono.

"Ile nyama haikuwa ya papa," alisema, kabla ya kusalimia. "Ilikuwa matumbo ya mbuzi. Mi njo nilikata."

Dokta aliacha maji yanatiririka.

"Ya mbuzi."

"Ndiyo, Dokta. Baba mukubwa alizika ile ya kweli. Lakini mi njo nilikata. Na uliniuliza, na nikakudanganya."

Alingoja amfokee. Alitamani amfokee. Dokta alifunga bomba, akatafuta kitambaa cha kujifuta, hakukiona ingawa kilikuwa mbele yake.

"Mikono yangu ilijua," alisema mwishowe. "Vidole yangu ilijua, na nikaamini karatasi." Kisha, "Amerudia kutoka damu?"

"Nadhani."

"Umulete leo. Leo, Godelive."

Walimpasua kwa tumbo siku ya tatu. Godelive na Muzee Isidore walikaa kwenye ngazi za nje. Haikuchukua muda mrefu kama Dokta alivyosema itachukua, na Muzee Isidore akafurahi kwamba imeisha haraka. Godelive hakufurahi. Fundi akikunja kitambaa mapema namna ile, ni kwamba ameona hakitoshi.

Dokta alitoka na kofia mkononi. Kivimbe kilikuwa kimerudi, kimeshika mfupa wa nyuma, hakuna fasi ya kupitisha kisu. Asingeweza kukitoa. Alichoweza ni kufungua njia tumboni, ili haja ipite, maana chini palikuwa panaziba. Na kamfuko. Alichukua kipande kidogo, na chupa safari hii aliipeleka mwenyewe kwa mapadri, kwa miguu, chini ya mvua.

Hivyo Papa Aloys akapata kile alichokiogopa, na hakupata uponyaji ambao ungekuja nacho.

Alirudi nyumbani mwezi wa saba. Wakubwa wa biro walituma salamu, wakapeleka vitambaa vyao kwa fundi mwingine. Maman Virginie alipanda kila siku na sombe, akikaa mbali kidogo, akiongea kwa sauti kubwa kuliko zamani. Siku moja Papa Aloys aliomba mita. Akajipima mwenyewe, upande wa kushoto, akamwambia Godelive alete mabaki ya kitambaa cha kijani. Alitaka kushona kifuniko cha kamfuko, chenye mkanda na kifungo, ili kisionekane chini ya shati.

"Mama, kata hapa," alisema, akichora kwa chaki. "Mi mikono inatetemeka."

Godelive alichukua mkasi. Aliufungua, na hakuweza kukata. Alilia hadi mkasi ukaanguka, na pale chini, akiwa amepiga magoti kuutafuta, alimwambia yote. Mugomba, matumbo, soksi za padri, barua. Hata lile la barua, ambalo hakumwambia Dokta, kwamba alitaka iseme vizuri.

Papa Aloys aliweka chaki mezani. Nje mtu alikuwa anapigilia misumari.

"Sababu ya kamufuko," alisema.

"Ndiyo, papa."

"Mi njo nilisema ile maneno. Mbele yako."

"Ndiyo."

Alikunjua kitambaa upya juu ya meza. Godelive alingoja neno la kusamehe, au la kulaani, lolote. Baba yake alinyosha mkono wazi, kama afanyavyo akitaka kitu cha kazi.

"Leta mukasi. Ule mukasi uliosha?"

"Niliosha mara ine."

"Matumbo iko na mafuta. Inaharibu makali." Akaujaribu kwa kidole gumba, akamrudishia. "Kata. Usitoke kwa chaki."

Alikata. Papa Aloys alishona kifuniko kile kwa mkono siku mbili, mshono juu ya mshono, na Godelive alishona kifungo. Hawakuongea tena habari ile. Lakini tangu siku ile hakumwita tena mama. Alimwita Godelive, kwa upole, kwa jina lake lote, hadi mwisho.

Alikufa mwezi wa kumi, asubuhi, watu wakiwa njiani kwenda sokoni. Walimzika Kabare, nyuma ya nyumba. Muzee Isidore ndiye aliyemwosha, na alipotoka alimpa Godelive kifuniko cha kijani, kimekunjwa vizuri.

"Sasa iko muzima," alisema. Alivaa kofia yake. "Iko pamoja na yake yote."

Barua ya pili ilifika wiki tano baadaye. Dokta Pascal alipanda mwenyewe hadi bandani, akihema kama wakubwa wa biro. Alikaa juu ya kiti cha Papa Aloys bila kujua, na Godelive hakumzuia. Barua ilikuwa na jina la ugonjwa, refu, la Kifaransa. Godelive alimwomba aliandike kwenye karatasi, kwa herufi kubwa.

"Dokta, kama ile chupa ya kwanza ingefika..."

"Ningemukata mwezi wa pili," alisema. "Kilikuwa bado kidogo. Pengine angelikuwa hapa."

"Pengine?"

"Pengine. Sitakudanganya, Godelive. Sijue."

Alitamani amdanganye, upande wowote.

Jumapili ile alipanda Kabare. Muzee Isidore alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, kati ya kaburi na migomba, fimbo kati ya magoti. Hakujua kusoma. Godelive alichutama karibu naye, akafungua karatasi.

"Barua ilikuja, baba mukubwa. Iko na jina ya ile kitu."

"Ile ya Ulaya?"

"Ile ya Ulaya. Mara hii walipata nyama yake ya kweli."

Mzee alivua kofia. Godelive alisoma, kipande kwa kipande kama walivyomfundisha shuleni, kidole chini ya kila herufi, lile jina refu ambalo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kulitamka. Kisha akamwambia na yale ya Dokta, mwezi wa pili, na bado kidogo, na pengine. Hakuficha lake wala la mzee.

Muzee Isidore alitazama udongo. Alikuwa akitazama pale alipochimba na kucha zake, si pale penye msalaba. Macho yake yalijaa, yakamwagika, hakuyafuta.

"Soma tena," alisema.

Godelive akarudisha kidole kwenye herufi ya kwanza.